Mpwa wangu alivyonipigia hesabu ya mkataba wa bodaboda

Wiki hii mmetuuliza kama zile hesabu za mafumbo tulizochapiwa viboko shule ya msingi zimemsaidia mtu ukubwani. Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kiko Mbagala, na jibu langu ni ndiyo, ila aliyepiga hesabu sio mimi, ni mtoto wa dada yangu yuko darasa la sita.

Ilikuwa hivi, mwaka jana nilipata tajiri wa kunipa pikipiki ya mkataba, kianzio laki mbili, halafu hesabu, yaani hela ya kumpelekea tajiri, elfu kumi kila siku, Jumapili napumzika, ikifika miezi 13 chombo changu. Nikajiuliza swali moja tu, elfu kumi kwa siku naipata? Naipata. Basi kichwani nishakubali bado kusaini tu. Jioni nikapita kwa dada nikamkuta binti na daftari lake la hisabati, akaniambia anko nisaidie hili fumbo, nikamjibu mi mwenyewe nina langu hapa. Akalichukua kama mchezo, akaandika kwa mstari: tulichopewa, tunachotafuta, njia, jibu.

Kwenye "tunachotafuta" ndo nilikwama. Anko unatafuta nini? Nikasema natafuta kama nitaweza kulipa. Akaniangalia, "si umesema unaweza?" Aisee. Kumbe nilichotakiwa kutafuta ni jumla ya hela itakayonitoka mpaka siku ya mwisho, na hilo wala sikuwahi kulifikiria.

Tukaanza. Siku 6 mara elfu kumi ni 60,000 kwa wiki. Wiki ngapi? Mimi haraka haraka 13 mara 4, wiki 52. Akacheka, anko mwaka mmoja peke yake una wiki 52, na hii ni mwaka na mwezi juu. Mwezi hauna wiki 4 kamili, una siku mbili tatu za ziada (toa Februari), ukizijumlisha kwa mwaka unapata karibu mwezi mzima. Kwa hiyo ni kama wiki 56. 60,000 mara 56 ni 3,360,000, weka na kianzio, 3,560,000. Pikipiki hiyo hiyo dukani kwa keshi nilishaulizia, 2,700,000. Yaani 860,000 inaenda juu. Na ile kosa yangu ya wiki 4 ingenificha 240,000, hela ya kodi ya chumba miezi kadhaa.

Akaona kanipata akaendelea, sasa kwa siku unatakiwa upige tripu ngapi? Hesabu 10,000, mafuta 6,000, kula 4,000, jumla 20,000, tripu zangu nyingi ni 1,500. Gawanya unapata 13 na kitu. Shuleni wangeandika 13.3 na mwalimu anaweka vema, lakini kijiweni hakuna abiria wa 0.3, ukipiga 13 una 19,500 na bado mia tano, na tajiri mia tano yake anaitaka. Kwa hiyo ni 14, hapo inanibakia elfu moja tu, na tripu nzima ya kwangu mimi inaanza ya 15. Ndo nikaelewa kwa nini kuna siku nalala nimechoka na mfukoni hamna kitu.

Nilirudi kwa tajiri na ile karatasi ya daftari imekunjwa mfukoni. Hakufurahi, akauliza nani kakuandikia, ila tulibishana akashuka mpaka miezi 12. Hapo inakuja 3,320,000, bado nimezidi keshi kwa laki sita na ishirini, najua, ila keshi sikuwa nayo na nisingeipata kesho wala kesho kutwa. Nilisaini nikijua nalipia nini.

Zimebaki wiki 9. Mpwa wangu ananidai soda na anaweka hesabu.