Bahasha ya Mama na Kadi Iliyoniaibisha Safarini

Wiki iliyopita niliamka nikakuta ujumbe huu: "Shikamoo dada. Mwezi ujao napanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza maishani. Nimeshalipia kila kitu. Je, nibebe pesa taslimu, au kadi inatosha?"

Marahaba, mdogo wangu. Hujalipia kila kitu. Umelipia kitanda, chakula cha mkahawa mkuu na safari yenyewe. Najua kwa sababu na mimi niliwahi kutamba hivyo hivyo, tena mbele ya mama yangu mzazi, na yaliyonikuta mpaka leo nikiyakumbuka natazama chini.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya siku saba kutoka Piraeus, kupitia visiwa vya Ugiriki na bandari moja ya Uturuki. Nilikuwa nimemwahidi mama safari hiyo tangu nikiwa chuoni. Usiku wa kufunga mizigo akaja na bahasha ya rangi ya kaki imejaa noti za euro, za tano na za kumi, ambazo alikwenda kuzibadilisha mwenyewe bila kuniambia. Nikamcheka. Nikamwambia, "Mama, siku hizi nani anatembea na mabunda ya noti? Kila kitu ni kadi." Hakunijibu. Aliiweka bahasha kwenye pochi yake, akafunga zipu.

Na kweli, siku ya kwanza nilijiona nimeshinda. Ukiingia melini unasajili kadi yako ya benki, unapewa kadi ya chumba. Hiyo ndiyo inafungua mlango, ndiyo inakutambulisha ukishuka na kupanda, na ndiyo unayolipia kila kitu. Ukitoa noti baa, mhudumu anatabasamu na kukuomba kadi. Deni linaandikwa kwenye akaunti ya chumba, mnamalizana mwisho wa safari.

Tatizo ni kwamba kadi ile haiumi. Noti ikitoka mkononi unajua imetoka. Kadi yenye picha ya meli inagongwa kwenye mashine, unarudishiwa, na unabaki na kitu kile kile ulichotoa. Nikanunua kifurushi cha intaneti. Nikamlipia mama masaji. Tukapigwa picha na nahodha, nikachukua nakala tatu. Kila kinywaji kiliongezwa asilimia 18 ya huduma, na juu ya hayo yote kuna bahshishi ya wafanyakazi, ambayo meli nyingi hukata zenyewe kwa kila abiria kwa kila siku, upende usipende. Ukiwa wawili, siku saba, hiyo si hela ya kusahau.

Siku ya tatu tukashuka Kuşadası, ile bandari ya Uturuki. Mama akapenda mtandio wa kijani. Nikamwambia weka bahasha yako, huu ni wangu. Nikatoa kadi ya benki. Ikakataa. Mwenye duka akaifuta kwenye shati, akajaribu tena, kisha akanigeuzia kile kimashine nijisomee mwenyewe. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichoma. Nikakimbilia mashine ya kutolea pesa pembeni, nayo ikakataa. Niliporudi mama alikuwa ameshaifungua pochi. Alizihesabu noti zake za euro juu ya kaunta, moja moja, bila kunitazama. Akakunja mtandio, akaniuliza kama nina kiu.

Jioni nilikwenda mapokezi na sauti ya juu. Yule kijana alinieleza, na nikupe maelezo yake kwa lugha nyepesi, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Ukisajili kadi ya kawaida, ile inayochota moja kwa moja kwenye akaunti yako, meli haisubiri siku ya mwisho. Kila ukitumia, inaiomba benki izuie kiasi fulani, na mara nyingine kinazuiwa zaidi ya ulichotumia. Hela haijaondoka, lakini huwezi kuigusa. Mwisho wa safari deni halisi linakatwa, na lile zuio linaweza kubaki siku kadhaa zaidi, kwa hiyo unaweza kujikuta umebanwa mara mbili kwa deni moja. Mimi zuio lilikaa zaidi ya wiki baada ya kurudi. Yote haya yaliandikwa kwenye masharti. Sikuyasoma. Lakini niseme ukweli, kampuni ile ilikuwa na muda wa kunitumia barua pepe kumi na moja za kuniuzia masaji. Ingeweza kutuma moja ya kunionya.

Nikasema basi, nitahamisha pesa kutoka akaunti nyingine kwa simu. Benki ikatuma namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Katikati ya bahari mtandao wa simu wa kawaida haupo. Ule wa meli unaolipia ni wa intaneti, hauleti ujumbe mfupi wa laini yako. Ujumbe uliingia asubuhi tulipokaribia Rhodes, namba sita nzuri kabisa, muda wake umekwisha. Tangu siku ile mpaka tunarudi Piraeus tuliishi kwa bahasha. Santorini, ambako meli inatia nanga mbali na boti ndogo zinawapeleka ufukweni, mama ndiye aliyelipa nauli ya kupanda juu kwa gari la kamba. Msichana wa watu mwenye kazi yake na cheo chake, nimesimama nyuma ya mama kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa nisikilize. Kama una kadi ya mkopo, isajili hiyo, kwa sababu zuio litakula kikomo cha mkopo na si mshahara wako. Kama huna, na wengi wetu hatuna, nenda mapokezi siku ya kwanza uweke dhamana ya pesa taslimu. Meli nyingi zinakubali. Unaweka kiasi ulichopanga, kadi ya chumba inakula humo, kikiisha inagoma mpaka uongeze, kikibaki unarudishiwa. Bahshishi ukiweza ilipe mapema pamoja na tiketi, ili akaunti ya chumba ionyeshe starehe zako tu.

Mwezi uliopita nilirudi baharini, na mama huyo huyo, safari hii kutoka Miami: Cozumel ya Meksiko, George Town ya Visiwa vya Cayman, Nassau ya Bahamas. Niliweka dhamana saa ya kwanza kabla hata ya kuona chumba. Foleni mapokezi ilikuwa ya watu wawili. Nilijisikia vizuri sana, nisikufiche.

Karibiani ina mtego wake, nao ni neno "dola." Visiwa vingi vinaita pesa yao dola, lakini thamani si moja. Ya Bahamas inalingana na ya Marekani, moja kwa moja. Ya Barbados ni mbili kwa moja. Ya Karibiani Mashariki, inayotumika visiwa kama Antigua na Saint Lucia, imefungwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Marekani tangu 1976. Ya Cayman ndiyo inayowaliza watu, kwa sababu ina thamani kubwa kuliko ya Marekani, na madukani dola yako moja wanaihesabu kama senti 80 za kwao. Pale George Town niliona fulana imeandikwa 25. Zamani ningetoa 25 na kushangaa. Nikauliza, "Dola zipi?" Za Cayman. Nikapiga hesabu: 31.25 za Marekani. Nikairudisha fulana kwenye henga, mama akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni dola zipi, hata kabla ya bei gani. La pili ni chenji watakupa ya pesa ipi. Nassau wanapokea dola za Marekani bila shida, lakini chenji inaweza kuja kwa noti za Bahamas, na hizo ukishaondoka hakuna wa kukubadilishia kirahisi. Dawa yake ni noti ndogo. Usimpe dereva wa teksi noti ya hamsini kwa safari ya dola nane. Beba za moja, za tano, za kumi, safi, zisizochanika. Ndiyo, ni kile kile alichokuwa nacho mama kwenye bahasha ya kaki. Nimeshamwomba radhi, usinikumbushe.

Bandari za Ulaya tafuta na sarafu, maana vyoo vingi ni vya kulipia na mlango wa choo haupokei kadi ya chumba.

Cozumel nikakutana na ule mchezo mwingine. Mashine ya kadi inakuuliza: ulipe kwa peso au kwa pesa ya nchi ya kadi yako? Chaguo la pili linaonekana la kirafiki, unaiona namba unayoielewa. Usilibonyeze. Kiwango cha kubadilishia hapo anakipanga mwenye mashine, na faida yake imo ndani. Chagua pesa ya mahali ulipo, benki yako ibadilishe. Mashine za kutolea pesa zina ujanja huo huo. Zile za melini zenyewe zina ada juu ya ada, na kuchukua taslimu kasino kupitia akaunti ya chumba mara nyingi kunakatwa asilimia kadhaa kabla hujacheza hata mara moja. Kasino sina la kusema zaidi. Wewe ni mtu mzima.

Ukishuka, beba ya siku hiyo tu. Mimi hugawa: kidogo mfukoni kwa teksi na maji, kiasi kwenye kipochi cha kitambaa ndani ya nguo, na kadi moja. Kadi ya pili na zilizobaki zinakaa kwenye sefu ya chumbani. Utaambiwa sefu haina usalama. Kuna usalama zaidi humo kuliko kwenye begi la mgongoni sokoni Barcelona. Wasiwasi wangu kuhusu sefu ni kusahau kilichomo. Usiku wa mwisho mabegi yanachukuliwa mapema, asubuhi mnakimbizwa, na bahasha inabaki ndani. Naweka humo kiatu kimoja cha kushukia. Siwezi kuondoka na mguu mtupu.

Na kama una tabia ya kubeba mabunda, ujue kuingia au kutoka Marekani na zaidi ya dola 10,000 ni lazima utoe taarifa forodhani, na Umoja wa Ulaya unadai hivyo hivyo kuanzia euro 10,000. Haikatazwi kuzibeba, kunyamaza ndiko kunakozifanya zitaifishwe.

Jambo la mwisho, usisubiri karatasi ya hesabu wanayoingiza chini ya mlango. Angalia akaunti ya chumba kila jioni, kwenye televisheni au mapokezi. Watu wazima tunaogopa kuangalia salio kama tunavyoogopa mizani, halafu tunasema tumeibiwa. Jioni ya mwisho mwezi uliopita nilikuta tumeandikiwa chupa mbili za maji ya kwenye friji ambazo hatukuzigusa. Nikashuka mapokezi baada ya chakula, nikawaambia chupa bado zipo na vifuniko vyake. Wakapiga simu, wakazifuta, na pale pale nikarudishiwa kilichobaki cha dhamana, dola 46, taslimu. Asubuhi foleni ya watu wenye malalamiko ilitoka mapokezi ikafika kwenye ngazi. Tuliipita mimi na mama tukienda kunywa chai, yeye na mtandio wake wa kijani, mimi nimevaa kandambili kwa sababu kiatu kimoja kilikuwa bado kwenye sefu.