Maswali na majibu: Kula vizuri kwa bei nafuu Ao Nang, Thailand

Ao Nang ni mji mdogo wa ufukweni katika mkoa wa Krabi, kusini mwa Thailand, upande wa Bahari ya Andaman. Wageni huenda kwa ajili ya visiwa na majabali ya chokaa yaliyosimama wima baharini. Wengi wao hula siku zote kwenye mikahawa iliyopangana mbele ya ufuo, kisha wakarudi nyumbani wakisema kule chakula ni ghali na hakina ladha. Hilo huniuma, kwa sababu wenyeji wa Krabi wanapika vizuri sana, na chakula chao kipo mtaa mmoja au miwili tu nyuma ya hapo. Nimeyajibu hapa maswali ya wasomaji wanaojiandaa kwenda.

Mimi na rafiki yangu tutakaa Ao Nang wiki moja mwezi Januari. Tutenge pesa ngapi za chakula kwa siku? Na tunaweza kulipa kwa simu? (Msomaji wa Nairobi)

Kwa viwango vya karibuni, baht moja, yaani pesa ya Thailand, ni kama shilingi 4 za Kenya, au kati ya 75 na 80 za Tanzania. Sahani ya wali na kuku, au bakuli la tambi za mchuzi kwenye kibanda cha wenyeji, ni kama baht 60 hadi 80. Sahani hiyohiyo mbele ya bahari mara nyingi hufika 150 na kuendelea. Mtu mmoja anayekula milo mitatu vibandani, akaongeza tunda na juisi, anaweza kumaliza siku kwa baht 300 hadi 400. Januari ni msimu wa watalii, kwa hiyo bei hazina huruma karibu na ufuo, lakini vibanda vya nyuma havibadiliki sana.

Kuhusu simu: utaona alama za QR kila meza, hata kwa muuza mahindi. Hizo ni za malipo ya benki za Thailand, na mgeni asiye na akaunti huko kwa kawaida hawezi kuzitumia. Kibandani kadi pia haipokelewi. Bebeni noti ndogo, za 20, 50 na 100. Mashine za ATM hukata baht 220 au zaidi kila unapotoa pesa kwa kadi ya kigeni, yaani bei ya milo mitatu ya kibandani, kwa hiyo toeni kiasi kikubwa mara moja badala ya kidogokidogo.

Asalaam aleykum. Nasafiri na mama yangu mzazi, na yeye hali kitu asichokuwa na uhakika nacho. Nimeambiwa Thailand kila chakula kina nguruwe. Tutakula nini? (Msomaji wa Mombasa)

Waaleykum salaam, dada yangu. Mwambie mama atulie, kwa sababu kati ya miji yote ya ufukweni ya Thailand, mmechagua unaomfaa. Ni kweli kwamba Thailand kwa jumla nguruwe analiwa sana, lakini mkoa wa Krabi una Waislamu wengi, na vijiji vya wavuvi kuzunguka Ao Nang ni vya Waislamu tangu kabla hoteli hazijajengwa. Kuna msikiti mkubwa kando ya barabara kuu inayoingia mjini, na ukitembea kutoka ufukweni kuelekea upande ule utakutana na vibanda ambavyo wapishi wake ni kina mama waliovaa hijabu. Wengi wao ni wa madhehebu ya Shafi, kama watu wa pwani yetu.

Tafuteni alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand: umbo la msambamba lenye neno halali kwa Kiarabu katikati. Iko kwenye mikahawa na kwenye pakiti za vyakula madukani, hata kwenye zile za maduka ya 7-Eleven. Vibanda vidogo vingi havina cheti hicho ila hubandika mwezi na nyota, au maandishi ya Kiarabu tu. Muuzaji akiwa Mwislamu, muulizeni bila haya. Atafurahi kujua mmetoka wapi.

Sasa mle nini. Mama aanze na *khao mok gai*: wali wa manjano uliopikwa kwa bizari na viungo pamoja na kuku, juu umenyunyiziwa vitunguu vya kukaanga, pembeni kuna kachiri za tango na sosi ya kijani ya kotimiri na nanaa, tamu na kali kidogo. Mtu aliyelelewa kwa biriani hatahitaji kufundishwa kuula. Kisha kuna kuku wa kukaanga wa mtindo wa Hat Yai, mji wa kusini mwa Thailand, naye hufunikwa kwa vitunguu vilivyokaushwa kwenye mafuta, akaliwa na wali wa kunata. Kuna mchuzi wa *massaman*, wa tui la nazi, viazi, karanga, mdalasini na iliki, ambao hauchomi. Jioni kuna *roti*, inayopigwa na kutandazwa mbele yenu hadi iwe nyembamba kama kitambaa, ikatiwa ndizi na yai na kumiminiwa maziwa mazito ya kopo. Asubuhi tafuteni roti kavu ya kuchovya kwenye mchuzi, na chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu mpaka itoe povu.

Tahadhari zangu ni mbili. Kwenye kibanda kisicho cha Waislamu, kuagiza kuku hakutoshi, kwa sababu karai na mafuta ni yaleyale yaliyopikia nguruwe, na supu ya tambi mara nyingi huchemshwa kwa mifupa yake. Pili, kifungua kinywa cha hoteli: soseji na nyama zilizokatwa nyembamba zilizopangwa pale mara nyingi ni za nguruwe, hata kama mhudumu mwenyewe ni Mwislamu. Kwa usalama jifunzeni kusema *mai kin mu*, yaani hatuli nguruwe.

Mwanangu ana miaka sita na pilipili hagusi kabisa. Nimesoma kwamba chakula cha kusini mwa Thailand kinachoma kuliko sehemu nyingine. Nifanyeje? (Baba wa mtoto, Morogoro)

Umesoma sawa. Mchuzi wa njano wa samaki wa huko kusini, ule wa ukwaju na binzari, huwatoa jasho hata Wathai wa Bangkok. Usimwonjeshe mtoto kwa utani. Sema *mai phet*, maana yake bila pilipili, lakini fahamu kwamba michuzi iliyokwisha kupikwa kwenye sufuria haiwezi kupunguzwa. Maneno hayo yanafaa tu kwa kinachopikwa ulipo. Mwagizie wali wa kukaanga (*khao phat*), mayai yaliyopigwa na kukaangwa juu ya wali (*khai jiao*), wali na kuku wa kuchemshwa (*khao man gai*), au tambi za mchuzi mweupe. Watoto huipenda sana *khai jiao*, na ni miongoni mwa vyakula vya bei ya chini kabisa.

Mezani utakuta vikopo vinne: sukari, pilipili kavu iliyosagwa, siki yenye pilipili, na sosi ya samaki iliyotiwa pilipili. Kila mtu hujikolezea mwenyewe, ndiyo maana chakula cha tambi huletwa kikiwa kimepoa ladha. Visogeze mbali na mkono wa mtoto.

Je, barafu na maji ni salama? Tumbo langu ni jepesi. (Msomaji wa Dar es Salaam)

Maji ya bomba usinywe. Chupa ya lita moja na nusu dukani haifiki baht 20. Barafu ya vipande vya mviringo vyenye tundu katikati hutoka kiwandani na hutengenezwa kwa maji yaliyosafishwa, hiyo haina shida. Iliyopondwapondwa kutoka bonge kubwa uiache, hasa kama imewekwa wazi. Kwa chakula, angalia mambo ambayo ungeyaangalia kwa mama ntilie yeyote: kibanda kina watu wengi, chakula kinapikwa ukiwa unaona, kinaletwa kikiwa cha moto. Michuzi iliyokwisha kupikwa na kupangwa kwenye sinia iendee asubuhi au saa sita mchana, wakati ndiyo imetoka jikoni. Saa tisa alasiri si wakati wake.

Nataka samaki, kaa na kamba, ndiyo sababu kubwa ya safari. Lakini rafiki yangu aliletewa bili iliyomshtua. Tatizo ni nini? (Msomaji wa Tanga)

Tatizo ni gramu 100. Samaki wanapangwa kwenye barafu mbele ya mkahawa, wana vibao vya bei, na mgeni anasoma 80 akadhani samaki mzima ni baht 80. Kibao kile ni cha bei ya kila gramu 100. Samaki wa gramu 900 ni baht 720 kabla ya wali, kabla ya kinywaji. Hakuna aliyemwibia rafiki yako ikiwa kibao kiliandikwa wazi, lakini najua uchungu wa kulipa usichokitarajia mbele ya watu.

Kwa hiyo, chagua samaki mwenyewe, mwangalie macho na mashavu kama ambavyo mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa, kisha omba apimwe ukiwa umesimama hapo. Waambie waandike jumla kwenye kikokotoo. Uliza kama kupika kumo ndani ya bei. Ukiridhika ndipo ukae. Ukiona ni nyingi, sema hapana na uende, si kosa.

Kamba wakubwa na kamba koche ndio wanaomaliza pesa. Ngisi ni nafuu, na wa kuchoma kwa mkaa akachovywa kwenye sosi ya ndimu, vitunguu saumu na pilipili ni mtamu kuliko hao wa bei. Samaki mzima agiza wa mvuke na ndimu, *pla nueng manao*, muwe watu wawili au watatu muweke katikati ya meza. Kula kule ni kwa kushirikiana, kila mtu na wali wake, mboga na mchuzi ni wa wote, na ukienda peke yako utalipa zaidi na kuonja kidogo.

Usiondoke Krabi bila kula *hoi chak tin*, konokono wadogo wa baharini ambao mkoa ule unajulikana kwao. Huchemshwa tu, ukamvuta mnyama kutoka kwenye gome na kumchovya. Mahali pazuri pa kula kwa raha ni ufuo wa jirani wa Nopparat Thara, chini ya mivinje. Familia za wenyeji hutandika mikeka, zikanunua kuku wa kuchoma, saladi ya papai bichi na wali wa kunata kwenye vibanda vya barabarani. Fanya hivyohivyo wakati jua linapozama. Mimi sijui mlo wa Ao Nang unaoupita huo.

Kuna mikahawa inaandika alama mbili za kujumlisha baada ya bei. Maana yake? Na bakshishi? (Msomaji wa Muscat)

Ni asilimia 10 za huduma, kisha asilimia 7 za kodi juu ya jumla hiyo, zinazoongezwa mwishoni. Chakula cha baht 1,000 utakilipia 1,177. Ukikuta alama hizo, bakshishi tayari imo. Kibandani hakuna kodi wala bakshishi. Ukiacha noti ya 20 kwa mama aliyekuhudumia vizuri ataipokea kwa mikono miwili.

Nina mzio mkali wa karanga. Niende au nisiende? (Msomaji wa Arusha)

Nenda, lakini usitegemee maneno ya kukariri. Karanga zimo kwenye pad thai (tambi za kukaanga), massaman, saladi ya papai, na sosi ya mishikaki, na karai moja hupikia vyote. Andikiwa kadi kwa Kithai na mtu anayekijua vizuri, ieleze kwamba karanga zinaweza kukuua, uioneshe mpishi mwenyewe kabla hajawasha moto. Mpishi akisitasita, ondoka. Dawa yako ya dharura iwe mfukoni, si hotelini, na siku za safari za visiwani beba chakula ulichokikagua.

Tutapanda boti kwenda Railay. Huko kuna chakula cha bei nafuu? (Wanandoa, Kampala)

Kidogo sana. Railay, eneo la ufukweni jirani na Ao Nang, haina barabara, majabali yameizunguka, kwa hiyo kila mfuko wa mchele unafika kwa boti na bei inafuata. Nauli kutoka Ao Nang ni kama baht 100 kwa mtu, boti ikijaa. Nunueni wali na kuku wa kufunga kabla ya kupanda. Kwenye ufuo wa Phra Nang kuna boti zilizogeuzwa jiko, zinauza pad thai na mahindi ya kuchoma zikiwa zimeegeshwa majini, na hizo ni nafuu kuliko mikahawa ya hoteli. Chakula kifungeni vizuri ndani ya begi, kima wa pale ni hodari wa kunyakua.

Nina likizo mwezi Juni tu, na ndugu yangu yeye anataka kwenda wakati wa Ramadhani. Ni vibaya? (Msomaji wa Zanzibar)

Juni ni mvua za kusi kwa upande ule wa Thailand. Zinaanza Mei hadi Oktoba. Bahari huchafuka na mikahawa kadhaa ya ufukweni hufungwa, lakini vibanda vya wenyeji vinaendelea, na vyumba ni rahisi. Kwa mtu anayependa kula kuliko kuogelea, si vibaya hata kidogo.

Ramadhani ni nzuri zaidi kuliko watu wanavyodhani. Vibanda vingi vya Waislamu hufungwa mchana, hivyo asiyefunga itabidi atafute penginepo, ila kuanzia alasiri vyakula vya kufuturu hujaa kando ya barabara: vitamu vya nazi, sambusa, wali wa aina nyingi, vinywaji vya rangi. Nunueni mapema, vinaisha. Ndugu yako akiweza, awe Krabi mjini siku ya Ijumaa, Jumamosi au Jumapili jioni, kwenye soko la usiku la barabarani. Ni kama kilomita 20 kutoka Ao Nang kwa *songthaew*, gari dogo la mabenchi mawili nyuma. Mchana nauli ni kama baht 50 hadi 60. Jioni hupanda na magari huwa machache, kwa hiyo apatane na dereva wa kumrudisha kabla hajashuka.