Kazini au nyumbani? Majibu kwa akina mama (na baba mmoja)

Barua zimekuwa nyingi tangu shule zifunguliwe, na nyingi zinauliza jambo lile lile: mama aende kazini au abaki na watoto? Nimechagua chache. Karibu zote zimeandikwa na wanawake, kana kwamba watoto hawa hawana baba. Hilo linanikera kuliko maswali yenyewe.

Nafanya kazi ofisini Kampala, nakaa Mukono. Mtoto ana miezi minne. Mume wangu anasema niache kazi kwa sababu mshahara wangu wote unaishia kwa yaya na nauli ya teksi. Nimepiga hesabu, naona anasema kweli. Niache? – Mama wa mtoto mmoja, Mukono

Hesabu yenu imekosewa mstari wa kwanza. Kwa nini yaya alipwe kutoka mshahara wako peke yako? Anamlea mtoto wa watu wawili. Gawanyeni malipo yake nusu kwa nusu, kisha mpige hesabu upya, nyote wawili mmeketi mbele ya karatasi moja. Halafu uongeze yale ambayo hayaonekani mwisho wa mwezi. Mwajiri wako anakuwekea NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 10, juu ya ile asilimia 5 inayokatwa kwako. Siku utakayoacha, hiyo 10 inakwisha. Kama ofisi ina bima ya matibabu, nayo inakwisha. Yaya ni gharama ya miaka mitatu au minne, hadi mtoto aanze shule. Kazi unayoiacha leo unaweza kuitafuta baada ya miaka hiyo usiipate, maana nafasi moja mjini inagombewa na vijana wengi waliohitimu juzi.

Sisemi mtu asiache kazi kamwe. Yupo mama anayetoka Mukono saa kumi na moja alfajiri ili awahi kabla foleni ya Kireka haijashikana, anarudi usiku mtoto amelala, na siku pekee anayomwogesha ni Jumapili. Huyo akiamua kubaki nyumbani nitamuunga mkono kwa moyo wote. Ila asiandike barua ya kuacha kazi kabla hajakubaliana na mumewe, kwa maandishi, ni kiasi gani kitaingia kwenye akaunti yake kila mwezi, nani ataendeleza akiba yake, na lini watakaa tena kuutazama uamuzi huo. Fedha zilizoko NSSF hazipotei ukiacha kazi, zinaendelea kupata faida, na tangu sheria irekebishwe mwaka 2022 unaweza kuendelea kuweka kwa hiari. Mume akikataa kuandika hayo, endelea kwenda kazini.

Likizo ya uzazi ni siku ngapi? – Wasomaji wengi

Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado linaletwa na watu wenye mkataba wa ajira mkononi. Siku 60 za kazi, kwa mshahara kamili. Nimesema za kazi! Kwa ofisi inayofanya kazi siku tano kwa juma, hayo ni majuma 12. Afisa utumishi akikuhesabia miezi miwili ya kalenda, anakuibia. Angalau majuma manne lazima yawe baada ya kujifungua, na hata mimba ikiharibika haki hii unayo. Mpe mwajiri taarifa ya siku saba kwamba unarudi kazini, na ubaki na nakala. Yote yamo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Ukifukuzwa kwa sababu ya mimba, nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu. Wapo wanaoniandikia baada ya mwaka mzima. Nawahurumia, lakini walichelewa.

Na baba je? Sheria hiyo hiyo inampa siku nne. Katika siku nne mwanamume hajajua hata kumpakata mtoto vizuri, kisha anarudi kazini na nyumba yote inabaki kwa mama. Hapo ndipo malezi yanapogeuka kuwa kazi ya mtu mmoja, na wabunge wetu wanapaswa kuona aibu.

Narudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Lazima nianze maziwa ya kopo? – Karani, Lira

Hapana. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yanatosha. Kamua kwenye chombo kilichochemshwa. Hukaa saa nne nje ya friji mahali pasipo na joto kali, na siku nne ndani ya friji, na umeme ukikatika kwa muda mrefu usibahatishe. Mfundishe yaya kumnywesha kwa kikombe, maana chupa ni ngumu kusafisha. Mkuu wako akikuambia ukamulie chooni, mkatalie: hicho ni chakula cha mtu. Omba chumba chenye mlango.

Mke wangu ni muuguzi, anashika zamu za usiku. Mama yangu anasema nyumba haina mama. Nimwachishe kazi? – Baba wa watoto watatu, Mbale

Usimwachishe. Usiku ambao yeye yuko wodini, nyumba ina baba: pasha chakula, kagua madaftari ya shule, walaze watoto. Na mama yako umjibu wewe mwenyewe, usimwachie mkeo.

Nimebaki nyumbani miaka tisa nikilea watoto wanne. Mume wangu akiulizwa husema "mke wangu hafanyi kazi", na mawifi wanasema nakula jasho la kaka yao. Nina haki gani katika nyumba tuliyojenga? – Mama wa nyumbani, Arua

Dada yangu, kwanza nikuulize: mmefunga ndoa? Kama alikuja kwenu kujitambulisha tu kisha mkaanza kuishi pamoja, sheria ya Uganda haikutambui kuwa mke, hata mkikaa miaka ishirini. Kama mahari ilitolewa, hiyo ni ndoa ya kimila, nayo husajiliwa kwenye kaunti ndogo ndani ya miezi sita. Wengi hawakusajili. Nendeni hata kama mmechelewa. Karatasi hiyo utaihitaji siku ambayo huitarajii.

Kama ni mke halali, sikiliza vizuri. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu, katika shauri la talaka, ilisema kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kinachopimwa ni mchango wa kila mmoja, na mchango si fedha pekee. Ulipowapikia mafundi posho (ugali) na maharage, ulipobeba madumu ya maji ya kumwagilia ukuta mpya usipasuke, ulipolea watoto ili yeye apate kwenda kutafuta, ulikuwa unajenga. Andika hayo kwenye daftari, na tarehe, na jina la fundi. Risiti za saruji na mabati usichomee moto jikoni, ziweke pamoja na vyeti vya watoto.

Tena, chini ya Sheria ya Ardhi, ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini yako. Kwa hiyo usitie saini wala kidole gumba kwenye karatasi usiyosomewa kwa lugha unayoielewa, hata akikuambia ni ya mkopo mdogo tu. Na mume akifa bila wosia, sheria ya mirathi kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 inampa mjane asilimia 20 na watoto asilimia 75. Mawifi hawawezi kukufukuza.

Kuhusu maneno yao, ongea na mumeo, siyo na wao. Yeye ndiye aliyewafundisha kusema hufanyi kazi.

Sote tunafanya kazi Jinja, tunatoka alfajiri. Tunataka kumpeleka mtoto wetu wa miaka minne shule ya bweni. Jirani amefanya hivyo na mtoto wake anajua Kiingereza. Ipi ni nzuri? – Wazazi

Hakuna iliyo nzuri kwa mtoto wa miaka minne. Msimpeleke.

Siku ya kufungua shule mnaweza kuwaona wamepangwa getini: sanduku la bati lenye kufuli, godoro lililoandikwa jina kwa kalamu nene, na mtoto ambaye hajui kufungua kufuli hilo. Akikojoa kitandani nani atamfariji? Akipigwa na wakubwa atamwambia nani, wakati siku ya kutembelewa bado iko mbali? Mwaka 2008 moto wa bweni uliwaua watoto wadogo Budo. Mwaka 2022 ukawaua watoto 11 katika shule ya vipofu Mukono. Mtoto wa umri huu hawezi kujiokoa, na Kiingereza atakijua tu.

Tafuteni shule ya kutwa karibu na nyumba, mkubaliane na jirani au bibi yake ampokee mchana, na mmoja wenu aombe kubadilishiwa saa za kazi. Nasema mmoja wenu, maana naona barua mmeandika wote wawili na nimefurahi.

Nimeletewa msichana wa kazi kutoka kijijini, ana miaka 13, mchapakazi sana. Nimlipe kiasi gani? – Mfanyabiashara, Busia

Usimlipe, mrudishe. Ni mtoto, na nafasi yake ni darasani. Tena unamwachia mtoto mchanga mtu ambaye mwenyewe anahitaji kulelewa. Sote tunaikumbuka video ya mwaka 2014 ya yaya akimpiga mtoto Kampala. Tangu hapo watu wamenunua kamera, lakini wachache wameuliza yaya analala saa ngapi na analipwa lini. Tafuta mtu mzima, mpe siku ya kupumzika, mlipe kwa tarehe mliyokubaliana, na mwandikishe NSSF, kwa sababu tangu 2022 sheria inamgusa hata mwajiri wa mtu mmoja. Msichana huyo mlipe siku alizokwisha kufanya kazi, mpeleke mwenyewe hadi kwa wazazi wake, na nauli utoe wewe.