Kuomba uuguzi katika chuo cha jamii Marekani: jibu kwa dada wa Minnesota

Dada, umeuliza kama mtu mwenye stashahada ya ualimu kutoka Tanzania, kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu, na kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) katika makao ya wazee hapa Minnesota anaweza kuomba uuguzi katika chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili), au kama ni heri amsikilize shemeji yake anayemshauri aende shule ya binafsi inayoahidi nafasi mwezi ujao. Mimi nilipitia chuo cha jamii, nikafanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX, na sasa ni RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, hospitalini, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia na kuyaona kwa wenzangu. Unaweza kabisa, tena kwa ada ndogo zaidi, ila uelewe mapema kwamba kukubaliwa chuoni na kukubaliwa katika programu ya uuguzi ni mambo mawili tofauti, yenye fomu mbili na tarehe mbili za mwisho.

Chuo chenyewe humpokea karibu kila mwenye cheti cha sekondari. Programu ya uuguzi ina viti vya kuhesabu, kwa kuwa idadi ya wanafunzi hufungwa na idadi ya wakufunzi na nafasi za mafunzo ya vitendo hospitalini. Ndiyo maana vyuo vingi huwapanga waombaji kwa pointi zinazotokana na alama za masomo ya sayansi, GPA (wastani wa alama zote), mtihani wa kujiunga, na mara nyingine nyongeza kwa mtu mwenye uzoefu wa kazi za afya kama wewe. Vyuo vingine huchagua kwa bahati nasibu miongoni mwa waliotimiza masharti, na vingine vina orodha ya kusubiri. Hesabu hiyo huelezwa kwenye tovuti ya programu, na ndiyo karatasi ya kwanza ya kusoma, kabla hujajiandikisha hata somo moja, kwa sababu somo linalokupa pointi nyingi chuo hiki huenda lisikupe chochote chuo cha pili.

Nafasi ya kuingia programu, kwa maoni yangu, hupatikana au kupotea katika masomo ya awali: anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza, saikolojia, na katika vyuo kadhaa takwimu au kemia. Wengi wetu tuliozoea mitihani ya kujieleza tunashtushwa na mtihani wa maabara ya anatomia. Unaingia chumbani ukiwa na karatasi na penseli, juu ya kila meza kuna mfupa, modeli au hadubini, pini imechomekwa mahali fulani, nawe unapewa muda mfupi tu wa kuandika jina la kitundu au msuli huo kabla kengele haijalia na kukulazimisha kuhamia meza inayofuata. Ukikosea herufi za jina, wapo wakufunzi wanaokata alama. Kusoma kitabu peke yake hakukuandai kwa hilo. Nenda maabara saa za mazoezi huru, uishike mifupa, uigeuze, ujiulize maswali kwa sauti.

Kwa mtu anayefanya zamu za usiku, sioni busara ya kuchukua anatomia na mikrobiolojia katika muhula mmoja, hata kama mshauri wa wanafunzi anasema ratiba inaruhusu. Alama B mbili zilizopatikana kwa haraka zinaweza kukuweka nyuma ya mtu aliyechukua somo moja moja akapata A, na vyuo vingi huweka mpaka wa mara ngapi unaweza kurudia somo la sayansi. Ovataimu ipunguze katika mihula hiyo. Najua nyumbani wanasubiri pesa, lakini hilo ni la kuzungumza na familia mapema, si katikati ya muhula.

Stashahada yako ya ualimu usiitupe. Ipeleke kwa shirika la tathmini ya vyeti, kwa mfano WES, na uombe ripoti inayochambua somo kwa somo, maana ripoti ya jumla haitoshi kwa kuhamisha masomo. Huenda ikakupunguzia saikolojia au mawasiliano. Sayansi usiitegemee: programu nyingi hukubali tu sayansi iliyosomwa ndani ya miaka 5 hadi 7 iliyopita. Anza mapema, kwa sababu nakala za matokeo hutakiwa zitoke moja kwa moja kwenye taasisi iliyokufundisha au iliyokutahini, na mawasiliano hayo huchukua muda. Hakikisha pia kwamba majina yako yanafanana kwenye vyeti, pasipoti na kadi ya kijani. (Kama kuna msomaji ambaye tayari ni muuguzi aliyesajiliwa nyumbani, asianze upya, njia yake ni kutathminiwa vyeti kupitia TruMerit, shirika la kutathmini vyeti vya wauguzi lililoitwa zamani CGFNS, au kadiri bodi ya uuguzi ya jimbo lake inavyoelekeza, kisha kuruhusiwa kufanya NCLEX.)

Mtihani wa kujiunga na programu mara nyingi ni ule uitwao TEAS, ingawa vipo vyuo vinavyotumia mwingine uitwao HESI. TEAS ina maswali 170 kwa dakika 209, katika kusoma, hisabati, sayansi na Kiingereza. Hisabati yenyewe ni ya kawaida, sehemu, asilimia na uwiano, ila sisi tuliokua na kilo na mita tunapaswa kuzizoea aunsi, pauni na inchi. Mtihani huu ufanye baada ya kumaliza anatomia, wakati mambo bado yako kichwani.

Sasa nije kwa shule ya shemeji yako. Sisemi kila shule ya binafsi ni mbaya, lakini kabla ya kutia sahihi mkopo wowote uliza mambo mawili. Kwanza, je, programu imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo na ina ithibati ya ACEN au NLN CNEA, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi? Pili, ni asilimia ngapi ya wahitimu wake hufaulu NCLEX kwa mara ya kwanza? Bodi za majimbo huchapisha takwimu hizo, kwa hiyo usitosheke na maneno ya mtu wa mapokezi. Mnamo Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kuhusu diploma bandia za uuguzi zaidi ya 7,600 zilizotoka katika shule tatu za Florida, na waliozinunua walijikuta wakichunguzwa na bodi za majimbo. Mhitimu wa miaka miwili wa chuo cha jamii na wa miaka minne wa chuo kikuu hufanya NCLEX-RN ile ile, hivyo sioni sababu ya kulipa mara kadhaa zaidi kwa ajili ya leseni ileile. Kwa hapa Minnesota, ulizia vyuo vya jamii vilivyo katika MANE, ushirika wa vyuo vya uuguzi vya Minnesota, ambao umeungana na Metropolitan State University ili mwanafunzi aendelee hadi shahada ya kwanza kwa mtaala mmoja.

Kuhusu ada, mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, na kwa mwaka wa masomo 2025–26 ruzuku ya Pell, inayotolewa na serikali hiyo, ilifikia dola 7,395 kwa mwenye kipato kidogo. Hiyo hairudishwi. Mwajiri wako pia huenda akakulipia sehemu ya ada. Soma tu mkataba unakufunga miaka mingapi.

Jambo la mwisho ni la chanjo, nalo huwasumbua sana watu wetu. Programu hudai uthibitisho wa chanjo kabla hujakanyaga wodini, na mpango wa kawaida wa dozi tatu za homa ya ini B huchukua takriban miezi sita, kwa hiyo anza sasa kama huna kumbukumbu. Sisi tuliochanjwa BCG utotoni tunaweza kuvimba mkono kwenye kipimo cha ngozi cha kifua kikuu hata kama hatuna maambukizi, kisha zikafuata picha za kifua na maswali yasiyoisha. Omba kipimo cha damu, kama vile QuantiFERON, ambacho hakiathiriwi na BCG, na umwonyeshe muuguzi wa kliniki kovu lako. Alama za vidole, kipimo cha dawa za kulevya na kadi ya huduma ya kwanza ya moyo huja baadaye, baada ya barua ya kukubaliwa. Na barua hiyo ina tarehe ya kuthibitisha, ambayo ikipita kiti chako hupewa aliye kwenye orodha ya akiba.