Sukari kupanda baada ya wali wa usiku

Pole dada wa Tabata. Umesema saa mbili baada ya kula wali sukari ya damu inafika 10 (mmol/L, kipimo cha mashine), nawe unakuwa umejilaza kwenye kochi. Anzia hapo hapo. Mtu akila, insulini, homoni ya kushusha sukari, husukuma vibebea glukosi vilivyomo ndani ya seli za misuli vije juu ya utando, viingize sukari. Msuli unaofanya kazi huvivuta hata insulini ikiwa imezembea. Basi tembea dakika 15 ukishakula. Mtaani kukiwa giza, simama na kuchuchumaa sebuleni. Wali wa nazi mtamu, najua, ila punguza, ongeza mchicha na maharage.

Ukiwa unachoma insulini au unameza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), muulize daktari kwanza: sukari inaweza kushuka, ukatetemeka na kutoka jasho. Na asubuhi kabla ya kula ikisoma 7 au zaidi, nenda kapimwe hospitali.