Maswali ya Wasomaji: Ardhi Inaposogea, Setilaiti Hujuaje?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa upimaji ardhi. Nimesoma kwamba tetemeko la Machi 2011 lilisogeza sehemu ya Japani kwa zaidi ya mita 5. Simu yangu hukosea mita kadhaa hata nikiwa nimesimama palepale. Je, setilaiti hizohizo zinawezaje kupima mwendo wa nchi, na hata ule wa sentimita chache kwa mwaka tunaofundishwa darasani? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Setilaiti ni zilezile. Kinachotofautiana ni kile kinachosomwa katika mawimbi yake, na muda unaotumika kukisoma. Setilaiti za GPS huzunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200 zikiwa na saa za atomiki, na kila moja hutangaza wakati wake na mahali ilipo. Simu yako husoma msimbo uliopachikwa juu ya wimbi la redio, kisha hukokotoa umbali kutokana na muda ambao ishara imetumia njiani. Kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kosa dogo mno la wakati hugeuka kuwa mita kadhaa ardhini.

Kipokezi cha upimaji husoma wimbi lenyewe linaloubeba msimbo huo. Wimbi kuu la GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi, na kipokezi kizuri hutambua kimefikia wapi ndani ya wimbi hilo kwa usahihi wa milimita chache. Hata hivyo hakijui moja kwa moja ni mawimbi mangapi kamili yaliyopo kati yake na setilaiti. Hali yake ni ya fundi anayepima ukuta mrefu kwa rula ya sentimita 19: alama za mwisho anazisoma vizuri sana, lakini ni lazima ajue ameilaza rula mara ngapi. Idadi hiyo hupatikana kwa kufuatilia setilaiti nyingi kwa muda mrefu zikipita angani, na kwa kulinganisha vituo vinavyozipokea kwa wakati mmoja. Baada ya hapo husahihishwa njia halisi za setilaiti, ucheleweshaji unaotokana na chembe zenye chaji katika anga ya juu (ndiyo maana vipokezi hivi hutumia masafa mawili au zaidi), na ule unaoletwa na mvuke wa maji katika anga ya chini. Vipimo vya saa 24 vikikokotolewa pamoja, mahali pa kituo hujulikana kwa milimita chache kwa upande wa mlalo, na kwa usahihi mdogo zaidi kwa upande wa kimo.

Japani ndiyo nchi iliyoifanya kazi hii kwa ukamilifu ambao binafsi naustahi sana. Mamlaka ya Taarifa za Kijiografia ya nchi hiyo, yenye makao yake Tsukuba, ilianza kujenga mtandao uitwao GEONET katika miaka ya 1990, na leo mtandao huo una vituo vipatavyo 1,300 vilivyotapakaa kwa wastani wa kilomita 20 hivi kutoka kimoja hadi kingine. Kituo chenyewe ni nguzo ya chuma kisichoshika kutu, yenye urefu wa takriban mita 5, iliyosimikwa juu ya msingi wa zege. Juu yake kuna antena iliyofunikwa kwa kuba, na kipokezi kimo ndani ya nguzo. Vingi vimejengwa kwenye viwanja vya umma, zikiwemo shule, na wanafunzi hupita kando yake kila siku.

Sasa tuangalie kituo cha Oshika, kwenye rasi iliyo mkoani Miyagi. Bamba la Pasifiki, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia kilicho chini ya bahari hiyo, ambalo husogea takriban sentimita 8 kwa mwaka, huzama chini ya Japani, na pale lilipong'ang'aniana na ukingo wa nchi huuburuta. Kwa hiyo kwa miaka mingi vituo vya pwani ile vilionekana vikisukumwa kidogo kidogo kuelekea magharibi. Tarehe 11 Machi 2011 mng'ang'anio huo uliachia, na ardhi iliyokuwa imebanwa ikafyatuka kuelekea baharini. Oshika ilisogea mita 5.3 kuelekea mashariki-kusini-mashariki na kushuka mita 1.2. Chini ya bahari, ambako mawimbi ya redio hayafiki, walinzi wa pwani ya Japani walitumia meli zenye GPS zinazowasiliana kwa sauti na vifaa vilivyowekwa sakafuni, wakakuta kwamba karibu na kitovu cha tetemeko sakafu ilikuwa imesogea takriban mita 24.

Kipimo cha mita 5.3 kilipatikana kwa sababu nguzo ilikuwa pale miaka mingi kabla, ikiandika mahali pake kila siku. Mtu angepeleka kipokezi bora kuliko vyote Oshika siku iliyofuata, angepata mahali pa siku hiyo tu. Mwendo wenyewe ungemponyoka.

Kazi haikuishia hapo, kwa maana ardhi iliendelea kujongea kwa miaka baada ya tetemeko, na pwani iliyozama ikaanza kuinuka polepole. Katika baadhi ya bandari za uvuvi za Miyagi, gati zilizokuwa zimeinuliwa kwa sababu maji ya bahari yalizifunika zilikuja kuonekana ziko juu mno kwa mashua, ikabidi zishushwe.

Swali: Nina shaka. Nguzo ya mita 5 ikipigwa na jua na upepo si itapinda yenyewe? Wanajuaje kwamba kilichosogea ni nchi na si nguzo? (Mwalimu wa sekondari, Kondoa)

Jibu: Shaka yako, mwalimu, ni shaka ya kitaalamu kabisa, na wahusika wanayo pia. Ndani ya nguzo za GEONET huwekwa kifaa cha kupima mwinamo, ili nguzo ikielemea upande mmoja ijulikane. Miti nayo husumbua. Mti ulio jirani ukikua, matawi yake huzuia na kutawanya mawimbi, na hesabu huonyesha kituo kikihama ilhali hakijaondoka. Dawa yake ni kupogoa matawi, na ikishindikana, kukihamisha kituo.

Yapo pia mambo ambayo yanaisogeza ardhi kweli bila kuhusiana na matetemeko. Huko Tsukuba kwenyewe, maji ya chini ya ardhi huvutwa kwa wingi msimu wa kumwagilia mpunga, na ardhi hushuka kidogo kisha hupanda tena maji yanaporudi. Milima ya kaskazini mwa kisiwa cha Honshu hubeba theluji nyingi wakati wa baridi, na mtaalamu Kosuke Heki alionyesha mwaka 2001 kwamba uzito wa theluji hiyo huikandamiza ardhi kiasi cha kuonekana katika vipimo vya vituo. Mabadiliko ya namna hii hurudi kila mwaka katika majira yaleyale, kwa hiyo mfululizo wa miaka mingi huyatenganisha na mwendo wa mabamba, ambao unaendelea upande uleule.

Ushahidi mkubwa kuliko yote ni ujirani. Nguzo moja ikipinda, majirani zake hawapindi nayo. Mwaka 1997 vituo vilivyo pande zote za Mlango-bahari wa Bungo, kati ya visiwa vya Kyushu na Shikoku, vilionekana vikigeuza mwelekeo wao wa kawaida kwa pamoja, vikasogea sentimita chache kwa muda wa miezi mingi, na hakuna aliyehisi mtikisiko wowote. Ilikuwa ni mtelezo wa polepole wa mabamba huko chini. Tukio la aina hiyo limerudi hapo tangu wakati huo, na bila nguzo zile kusingekuwa na njia rahisi ya kujua kwamba lipo.

Swali: Kama vipimo ni sahihi hivyo, kwa nini hawatabiri tetemeko kabla halijatokea? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Vipimo vinaonyesha wapi ardhi inabanwa na kwa kasi gani. Havionyeshi siku ambayo itaachia, na hadi sasa hakuna njia yoyote iliyothibitika ya kutaja siku hiyo. Manufaa makubwa yamo katika dakika za mwanzo baada ya tetemeko. Mwaka 2011 makadirio ya kwanza ya Shirika la Hali ya Hewa la Japani, yaliyotokana na mitetemo, yalikuwa ukubwa wa 7.9, kumbe tetemeko lilikuwa la 9.0, na maonyo ya kwanza ya tsunami yalitaja mawimbi madogo kuliko yaliyokuja. Vituo vya setilaiti husoma moja kwa moja kiasi ambacho ardhi imehama, hivyo tetemeko kubwa mno haliwezi kuonekana dogo kwa urahisi. Kwa sababu hiyo mamlaka ya Tsukuba na Chuo Kikuu cha Tohoku walitengeneza mfumo uitwao REGARD, unaokokotoa ukubwa wa tetemeko kutokana na mwendo wa vituo ndani ya dakika chache.

Kwenu Bonde la Ufa, mambo ni ya taratibu zaidi. Pande mbili za bonde huachana kwa milimita chache kwa mwaka, kasi ikiwa kubwa zaidi Ethiopia na kupungua kadiri unavyoelekea kusini. Milimita chache zinataka subira ya miaka mingi, na hiyo ni sababu tosha ya kuvithamini vituo vya kudumu tulivyo navyo, kama vile cha Malindi na cha Mbarara.

Swali: Bara likisogea, bikoni za kiwanja changu zitahama na kuingia kwa jirani? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Hapana. Wewe na jirani yako mnabebwa na bamba moja kuelekea upande mmoja, kwa hiyo umbali kati ya bikoni haubadiliki. Kinachobadilika ni viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali, vikipimwa katika mfumo wa dunia nzima, kwani Afrika husogea takriban sentimita 2.5 kwa mwaka kuelekea kaskazini-mashariki, na hizo ni sentimita 75 katika miaka 30. Kwa hiyo mpima ardhi anayetumia GPS sahihi ni lazima aandike vipimo vyake ni vya mfumo gani na vya mwaka gani. Huko Japani, alama ya msingi ya upimaji iliyoko Tokyo, mamia ya kilomita kutoka kitovu, ilisogea sentimita 27 kuelekea mashariki katika tetemeko la 2011, na Oktoba mwaka huohuo viwianishi vyake vikabadilishwa rasmi, pamoja na vya alama nyingine nyingi za mashariki mwa nchi.