Maswali ya Wasomaji: Njia ya Dunia ni Duara au Yai?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anasoma kidato cha pili hapa Mtwara mjini. Katika kitabu chake njia ya dunia kulizunguka jua imechorwa ndefu kama yai, na maelezo yanasema kwamba Januari tunakuwa karibu na jua kuliko Julai. Huku kwetu Januari ni joto kali, na Julai, kusi linapovuma, tunatafuta shuka alfajiri. Je, sababu ni hilo umbo la yai?
*Mama wa mwanafunzi, Mtwara*

JIBU: Mama, maelezo ya kitabu ni sahihi, lakini mchoro unapotosha. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, umbali ukiwa kilomita milioni 147.1, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152.1. Njia yenyewe ni duaradufu, yaani duara lililobanwa, na wanafalaki hupima urefu wa umbo lake kwa namba inayoanzia 0, ambayo ni duara kamili, na kuikaribia 1 kadiri umbo linavyozidi kurefuka. Namba ya dunia ni 0.0167.

Mwambie mwanao achore ubaoni njia ya dunia yenye kipenyo kirefu cha mita 1. Kipenyo kifupi kitapungua kwa milimita 0.14 tu, na kwa kuwa mstari wa chaki wenyewe ni mnene kuliko upungufu huo, hakuna jicho litakaloutofautisha mchoro huo na duara. Kinachoonekana ni mahali pa jua: halikai katikati, bali kwenye fokasi, yaani moja ya nukta mbili maalumu zilizo ndani ya duaradufu, ambayo katika mchoro huo iko milimita 8 hivi kando ya kitovu. Vitabu vingi huliruka jambo hili, nami naliona ndilo kiini cha swali lako. Kusogea kwa jua kutoka kitovuni kunalingana na ile namba yenyewe, ilhali kubanwa kwa njia kunalingana na takriban nusu ya namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe, na 0.0167 ikizidishwa kwa yenyewe haibaki na kitu cha kutajika. Zile kilomita milioni 5 zinazotenganisha Januari na Julai zinatokana, basi, na jua kukaa kando. Yamkini mchoraji alitaka tuitazame njia kwa mshazari, na duara lolote likitazamwa hivyo huonekana refu. Kosa ni kutolisema hilo chini ya mchoro.

Kuhusu joto, sababu kubwa ni mhimili wa dunia, ambao umeinama kwa nyuzi 23.4. Mtwara iko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hupita kusini kidogo ya utosi, na kijiti cha mita 1 kilichosimamishwa wima hutoa kivuli cha sentimita 23 kuelekea kaskazini. Mwishoni mwa Juni jua huwa limehamia kaskazini, na kivuli cha kijiti hichohicho hufika sentimita 67 kuelekea kusini. Mchana nao huwa umefupika kwa zaidi ya saa moja. Nimepiga hesabu ya nishati ya jua inayolifikia anga la Mtwara, bila kujali mawingu. Kama umbali ungekuwa uleule mwaka mzima, siku ya mwishoni mwa Desemba ingepata takriban asilimia 28 zaidi ya siku ya mwishoni mwa Juni, na tofauti ya umbali huongeza asilimia 7 hivi juu yake. Kwa hiyo hukukosea kabisa, mama, ila umekipa ukubwa kilicho kidogo. Mkazi wa London, ambaye Januari yake ni ya baridi wakati jua liko karibu kuliko miezi yote, asingeweza hata kuliuliza swali hili.

SWALI: Kama njia inakaribia hivyo kuwa duara, watu walijuaje kwamba si duara? Na sayari nyingine je?
*Msomaji, Kilwa Masoko, Lindi*

JIBU: Ndugu yangu, walijua kwa sababu ya sayari ya Mirihi. Mwanafalaki Johannes Kepler alirithi vipimo vya anga vya mwanafalaki mwenzake, Tycho Brahe, vilivyokuwa bora kuliko vyote vya wakati huo, akajaribu kuvilinganisha na duara ambalo jua limewekwa kando ya kitovu chake. Duara hilo lilikaribia kufaulu, lakini likapishana na vipimo kwa dakika 8 za nyuzi, yaani takriban robo ya upana wa mwezi mpevu tunavyouona angani. Mwingine angelipuuza. Kepler aliviamini vipimo vya Brahe, akaliacha duara, na mwaka 1609 akachapisha hoja yake kwamba Mirihi hufuata duaradufu. Namba ya Mirihi ni 0.093; kama angeanza na Zuhura, ambayo namba yake ni 0.007, huenda asingegundua chochote.

Sayari iliyo mbali zaidi na duara ni Zebaki, yenye 0.206. Hata hiyo, ukiichora kwa kipenyo kirefu cha mita 1, kipenyo kifupi hupungua kwa milimita 21 tu, ingawa jua huwa limesogea sentimita 10 kutoka kitovuni. Anayetaka umbo refu kwelikweli aitafute nyotamkia ya Halley, yenye 0.967, iliyopita mwaka 1986 na inayotarajiwa kurudi mwaka 2061.

Namba hizi nazo hazisimami mahali pamoja. Mvuto wa Mshtarii na sayari nyingine huibadili njia ya dunia kwa mizunguko ya miaka takriban 100,000 na 400,000, namba yake ikipanda na kushuka kati ya karibu 0 na 0.06 hivi, na kwa sasa inashuka polepole.